Babu alikuwa Acacia, mama Independence, mimi Samora

Bahasha ilianguka kutoka kwenye sanduku la bati la bibi, siku tunagawana khanga zake.

Ilikuwa imekunjwa mara mbili, stempu bado ipo, malkia wa Uingereza na maneno Kenya Uganda Tanganyika, na mwandiko niliujua palepale, yale maherufi ya babu yaliyolala upande kama mtu anayetembea kwenye upepo mkali. Barua ya 1957. Nyuma ya bahasha kaandika jina lake, kaandika namba ya sanduku la posta, na chini kwa herufi kubwa: ACACIA AVENUE, DAR ES SALAAM.

Mdogo wetu wa mwisho akaichukua, akaisoma, akauliza, "Acacia ndo wapi?"

Mama hata hakuinua kichwa kwenye khanga. "Si Independence hiyo."

Nikasema, "Independence ipi tena mama?"

"Independence! Pale mjini, kwenye Askari."

Ndo nikaelewa. "Aaah. Samora."

Tukaendelea na khanga, kuna za kwenda kwa shangazi, kuna za kubaki. Lakini mimi lile jambo halikuniacha. Nimefanya kazi Samora miaka sita, napita pale asubuhi na jioni, nanunua vocha pale, nimesimama pale kwenye mvua nasubiri itulie, na siku zote nilijua tu kwamba babu "alishona mjini". Neno Acacia nililisikia sana utotoni ila nikadhani ni jina la duka. Kumbe tulikuwa tunapita njia moja, mimi na yeye, na mama katikati yetu, na kila mmoja anaiita kwa jina ambalo mwenzake halijui.

Wiki tano sasa naliwaza.

## Barazani

Barua yenyewe inaanza kama barua zote za zama zile, ama baada ya salamu mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Halafu anamwambia bibi habari kubwa: amepata nafasi Acacia, barazani kwa Mhindi wa vitambaa, cherehani ni ya tajiri, na yeye analipwa kwa nguo anazomaliza. Anasema pana kivuli. Anasema wazungu wanapita na hawasalimii, ila Waswahili wenzake wapo wengi. Anaomba atumiwe kikoi chake cha kijani.

Nikataka kujua mlango upi.

Sijui kwa nini nililitaka hilo kwa nguvu vile. Nadhani ni kwa sababu msiba wa bibi ulikuwa mbichi na nilihitaji kitu cha kwenda kukigusa, ukuta, ngazi, chochote. Nikajiambia, kuna jina la mtaa, kuna mwaka, kinachokosekana ni namba tu. Nikipata namba nimempata babu.

Nyie mnaoishi Dar mnaijua Samora, sitapoteza muda kuieleza. Nitasema tu nilichokikuta nilipoanza kuchimba.

## Uhuru mara mbili

Mjerumani alihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar mwaka 1891, na ile barabara ya katikati ya mji wake akaipa jina Unter den Akazien, yaani chini ya migunga, kwa kuiga Unter den Linden ya kwao Berlin. Mwingereza akaingia Septemba 1916, akaibadilisha lugha akaacha mti, ikawa Acacia Avenue. Uhuru 1961, ikawa Independence Avenue. Halafu ikapewa jina la Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, yule ambaye ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986.

Kwa hiyo ni majina manne, sisi nyumbani tulikuwa nayo matatu.

Kilichonikalisha chini kuliko vyote ni hili. Simama kwenye mnara wa saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipopandishwa kuwa jiji. Upande mmoja inaanza Samora kuelekea kwenye sanamu ya Askari. Upande mwingine inatoka Mtaa wa Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja na Ilala, ambao zamani uliitwa Kichwele. Sasa rudi nyuma kwenye miaka ya sitini. Pale mnarani zilikutana Independence Avenue na Uhuru Street. Neno moja, limetajwa mara mbili, kwa Kiingereza upande wa maduka makubwa na maofisi, kwa Kiswahili upande walikolala watu kama babu.

Mimi silisemi hili kwa kubeza. Inawezekana waliokaa mezani kuyapanga hayo majina walikuwa na furaha tu na haraka. Ila nilisimama pale mnarani jioni moja, daladala zinapiga kelele, na nikawaza babu anatoka kazini anatembea kwa mguu kurudi Kariakoo anapolala, anavuka kutoka uhuru mmoja kwenda mwingine, na hakuna siku hata moja aliyoisema Independence. Mama anasema mpaka anakufa yule mzee alisema Acacia. Hakuwa anagoma. Ndo jina alilolikuta alipokuja mjini kijana wa miaka ishirini na kitu, na mtu jina analolikuta anapoanza maisha ndo linalomkaa.

Kama mimi na Ocean Road. 2013 ikaitwa Barack Obama Drive, vibao vikawekwa, na mimi mpaka leo mdomo wangu unasema Ocean Road kabla sijafikiri.

## Makala niliyoitupa

Kusema kweli nilianza kuandika kitu kingine kabisa. Nilianza kuandika kwa hasira, kwamba kila anayeingia anafuta, kwamba babu zetu wamepotezwa kwa kubadilishiwa majina chini ya miguu yao, nilifika kama kurasa tatu hivi.

Nikaisoma asubuhi yake nikaona haisimami.

Maana ninalilia nini hasa? Acacia ni tafsiri ya jina la Mjerumani. Hakuna babu yangu yeyote aliyeulizwa. Ilikuwa barabara ya Uzunguni, mji umegawanywa Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, unafanya kazi huku unalala kule. Nikianza kutetea Acacia namtetea nani?

Na upande wa pili yupo Samora mwenyewe. FRELIMO, chama chake cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa hapahapa Dar, tarehe 25 Juni 1962. Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kwanza, aliuawa hapahapa, 3 Februari 1969, kwa kifurushi kilichokuja kama kitabu, ndani kuna bomu, akakifungulia Oysterbay. Samora akashika uongozi baada ya hapo, wapiganaji wao walikuwa Kongwa na Nachingwea, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975, miaka kumi na tatu kamili tangu ile siku ya Dar. Kwa hiyo jiji hili lilipompa barabara halikuwa linampa mgeni. Maputo kuna Avenida Julius Nyerere. Harare kuna Samora Machel Avenue. Ukiyaweka pamoja unaona nchi zilizokuwa zinatumiana salamu kupitia vibao vya barabara.

Tembea kidogo tu pale mjini uone: Lumumba, Nkrumah, Azikiwe, Luthuli, Indira Gandhi, Sokoine, Mirambo, Shaaban Robert. Mtaa wa Lumumba zamani ulikuwa New Street, na pale ndipo TANU ilipozaliwa 7 Julai 1954. Kuna kizazi kilikaa kikasema watoto wetu wakienda kununua viatu wapite juu ya haya majina. Mimi ni mtoto huyo. Nimenunua viatu, nimepita, na kabla ya hii barua kuanguka sikuwahi kujiuliza Luthuli ni nani.

Zile kurasa tatu nikazitupa.

Lakini namba bado nilikuwa naitaka.

## Sanduku la tajiri

Rafiki yangu mmoja ambaye baba yake alifanya kazi posta miaka mingi ndiye aliyenifungua macho. Nilimwonyesha bahasha kwenye simu nikamwambia, ona, kaandika mtaa lakini hajaandika namba ya nyumba, labda alisahau. Akacheka kidogo akasema hakusahau, namba ya nini? Barua haiendi kwenye nyumba. Barua inaenda kwenye sanduku.

Nimeishi na S.L.P. maisha yangu yote na sikuwahi kuiona hivyo.

Kwetu posta haikuja mlangoni. Wewe ndo ulienda posta. Na mwenye sanduku si kila mtu, mwenye sanduku ni ofisi, ni shule, ni misheni, ni msikiti, ni tajiri mwenye duka, na wengine wote wanapitishia humo humo, kwa mkono wa fulani. Babu alikuwa anapokea barua za mke wake kupitia sanduku la Mhindi wa vitambaa. Kila habari ya nyumbani, mtoto kazaliwa, baba kaumwa, imepita kwanza kwenye mkono wa tajiri. Na akiacha kazi anapoteza na anwani.

Hilo lilinikaa vibaya, nilikaa nalo siku nzima.

Na ndo maana hata tukiwa na vibao vya mitaa karne nzima, namba za nyumba hazikushika. Hazikuwa na kazi. Namba ya mlango inaishi kama kuna mtu anaitumia kila siku, na yule mtu kwingine alikuwa tarishi wa posta. Hapa hakuwepo. Hapa ukimwelekeza mtu unamwambia shuka Mwembechai, shuka Magomeni Mapipa, shuka Sinza Afrika Sana, shuka Buguruni kwa Mnyamani, halafu uliza. Hiyo "halafu uliza" ni sehemu ya anwani, tena sehemu kubwa.

## Nani alitaka kuhesabu milango

Nilidhani namba za nyumba duniani zilianza kwa ajili ya barua au kwa ajili ya wageni wasipotee. Wapi.

Mwaka 1770 kule Vienna, Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliamuru nyumba zipigwe namba ili vijana wahesabiwe kwa ajili ya jeshi, na wanyama wa kukokota mizigo wahesabiwe pamoja nao. Namba zikapakwa juu ya milango. Watu wengine walizifuta, wengine walizichafua, na mimi nawaelewa kabisa, maana mlango uliokuwa wako tu jana leo umeandikwa na mtu ambaye hujamwalika. Paris mpango uliokaa vizuri ulikuja 1805 wakati wa Napoleon, shufwa upande mmoja witiri upande wa pili, na kama barabara inatokea mto Seine basi hesabu inaanzia mtoni. Huu wa shufwa na witiri ndo uliosambaa sana.

Mto ndo namba moja. Nilipenda hilo, sijui kwa nini.

Sasa ukilisoma hilo ukiwa Mtanzania huwezi kukaa kimya, maana na sisi kuhesabiwa nyumba kwetu kulikuja hivyohivyo. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Nyumba ilihesabiwa ili itozwe, na asiyekuwa na hela alilipa kwa jasho. Na miaka ya juzi hapa Dar mnajua wenyewe, mtu akija na kopo la rangi akaandika kitu ukutani kwako ni X nyekundu, na X ile maana yake nyumba iko kwenye hifadhi ya barabara na itavunjwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandaa hitimisho langu kichwani, kwamba namba ni kamba ya serikali, watu waliendelea kuishi vizuri bila namba, na babu hana namba kwa sababu alikuwa huru nayo.

Mama ndiye aliyelivuruga.

## Kibao cha mama

Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa na Rais Samia pale Dodoma tarehe 8 Februari 2022, ili mpaka sensa ya Agosti mwaka uleule kila nyumba iwe na barabara yenye jina, namba, na postikodi ya tarakimu tano. Kwa mama walipita vijana wawili na simu, wakaandika ukutani kwa chaki kwanza. Jirani yake, mama mtu mzima, alitoka analia. Alidhani ni X. Nyumba yake ya kwanza ilikwenda na X, kwa hiyo hakuuliza hata rangi ni gani, aliona tu mkono wa mtu ukutani kwake.

Nilipomwambia mama habari za Vienna na kodi, nikamwambia unaona, hata wewe wamekuhesabu, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akanyanyua kidole.

Akaniambia hivi, nyumba hii ina namba ya kiwanja kwenye hati, ambayo iko kabatini na hakuna anayeijua. Ina namba ya mita ya Luku. Ina namba ya akaunti ya maji. Kodi ya jengo tangu 2021 wanakata kwenye Luku, shilingi elfu moja kila mwezi walipoanza, hawakuhitaji kibao kunipata. Wanaonitafuta kwa hela wananijua siku zote. Kibao hiki ndo namba ya kwanza inayoonekana na mtu aliyesimama nje.

Nikakosa la kusema.

Akaongeza kwamba baba alipougua usiku ule (mimi nilikuwa chuo, sikuwepo) alikaa kwenye simu anamwelekeza dereva kwa dakika arobaini, pita kwenye mwembe, mwembe umekatwa, ulizia kwa mwalimu, saa nane usiku unamuulizia nani? "Hiyo uliza uliza yako nzuri mchana," akasema. Mama hapendi kuizungumzia ile habari na hajawahi kunipa hizo dakika arobaini kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo ile makala ya pili nayo nikaitupa.

Tarehe 23 Agosti 2022 karani wa sensa alikuja, mama akamwonyesha kibao kabla hajaulizwa. Tulihesabiwa 61,741,120 nchi nzima na mmoja wao ni yeye, mama mjane mwenye kibao cha bluu mlangoni, na alisimama wima.

## Mtaa si mstari

Kuna kitu kimoja lakini bado hakijanikalia sawa, na hiki nakisema kwa kuwa nakipenda Kiswahili.

Mfumo wote ule umejengwa juu ya barabara. Barabara ni mstari, nyumba zimejipanga kulia na kushoto, unahesabu. Lakini neno letu mtaa halikuanza kama mstari. Mtaa ni mahali na watu wake. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar, Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo, hiyo yote ni mitaa na hakuna hata mmoja unaoweza kuuchora kwa rula. Nenda Lamu, Mkomani na Langoni, hivyohivyo. Hata serikali yetu ikisema mwenyekiti wa mtaa haimaanishi mwenyekiti wa lami, inamaanisha eneo lenye watu. Mjumbe wa nyumba kumi naye alikuwa na nyumba kumi zilizo karibu, zimejipanga zisijipange.

Nilipogundua kwamba Wajapani nao anwani zao ni za maeneo na siyo za barabara, mtaa ndani ya mtaa, mpaka kipande kidogo, na barabara nyingi hazina hata jina, na sehemu za zamani nyumba zilipewa namba kwa kufuata ipi ilijengwa kwanza, nilifurahi kama nimekutana na ndugu uwanja wa ndege. Wakorea walikuwa na mfumo wa viwanja unaofanana na huo, wao wakaamua kuuacha, tangu Januari 2014 anwani yao rasmi ni ya barabara. Kwa hiyo njia zote mbili zipo duniani na zote mbili barua zinafika.

Kwa mama ile njia yao ilihitaji jina. Palifanyika mkutano ofisi ya serikali ya mtaa, kuna waliotaka jina la diwani wa zamani, kuna waliotaka jina la ua, mwisho ikapita jina la Mkunga, kwa ajili ya bibi mmoja marehemu aliyezalisha nusu ya watoto wa pale, mimi nikiwemo. Watu walipiga makofi. Ila nyumba za ng'ambo ya mtaro, ambazo mkunga alivuka kwenda kuzalisha usiku kwa usiku na zote ni mtaa mmoja miaka yote, zikaangukia barabara nyingine yenye jina jingine. Yule bibi angeshangaa. Kwake mtaro ulikuwa mahali pa kurusha mguu tu.

Sijui lingefanyikaje vinginevyo. Nalisema tu kwa sababu linaniuma.

## Nguzo ya nne

Jumamosi iliyopita nikaenda Samora na barua mfukoni.

Nilianzia mnara wa saa nikaenda taratibu upande wa kulia, nikarudi upande wa kushoto. Kuna majengo yana namba ya kiwanja imeandikwa mlangoni, kuna yana kibao kipya, kuna yana jina la jengo tu, herufi za shaba, na kuna yale ya vioo ambayo huoni hata mlango uko wapi. Nikafika kwenye sanamu ya Askari, yupo tangu 1927, bunduki ameielekeza bandarini, maneno chini yake kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Huyu ndiye mama aliyemtumia kunielekeza siku ya khanga. Kaona majina matatu yanapita juu ya barabara yake na yeye hajasogea.

Nikampigia mama hapohapo. Nikamwambia niko Samora. "Wapi?" Nikamwambia kwenye Askari.

Nikamuuliza, mama, wewe ulikuwa unaletwa kwa babu ukiwa mdogo, alikaa wapi hasa?

Akaanza kunielekeza kama ameondoka pale jana. Nirudi kama naenda kwenye saa. Kuna kona ina duka la viatu. Nisivuke. Hapo kwenye baraza kuna nguzo, nihesabu nguzo, ya kwanza anakaa muuza magazeti, ya pili na ya tatu kuna fundi saa, ya nne ndo babu. Anaegemeza mgongo kwenye nguzo kwa sababu ya kiuno. Alikuwa anaambiwa na watu wa kule nyumbani, ukifika Dar mtafute fundi wa nguzo ya nne, na walikuwa wanampata.

Nikasimama barabarani na simu sikioni.

Wiki tano natafuta namba ya mlango. Babu hakuwa na mlango. Mlango ulikuwa wa tajiri, na namba kama ilikuwepo ilikuwa ya tajiri, na sanduku la posta la tajiri. Yeye alikuwa nje, kati ya mlango na barabara, na pale nje kulikuwa na hesabu nyingine ambayo haikuandikwa popote na ilifika mpaka kijijini.

Nikarudi kona kwa kona. Duka la viatu hamna, lakini kwenye kona moja kuna kitu kinachofanana na alichosema, ule upana wa njia, ule mkato. Jengo la zamani limeondoka. Kuna la ghorofa nyingi, vioo kuanzia chini mpaka juu, limesogezwa mpaka kwenye lami, hakuna baraza. Mlinzi akaniangalia. Pembeni ya ngazi, nje, kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda anashona mkanda wa begi la mteja kwa mkono, hana kivuli, kaweka boksi kichwani.

"Umefika?" mama akauliza.

"Nimefika ila hakuna nguzo, mama. Wamejenga. Hakuna hata baraza."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake kwa mbali na mtu anapiga hodi kwake.

"Kuna mtu anashona?"

"Yupo mmoja."

"Basi ndo hapohapo."